Mlango Niliouranda Mara Tatu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na mimi niliyekuwa na shingo ngumu!

Wengi mnanijua, mpasua mawe wa Kiseke. Nyumba yangu ilikuwa mlimani, chini ya jiwe kubwa. Nikitaka kupanua uwanja nilikoka moto wa magogo chini ya jiwe lile, likipata moto nalimwagia maji, linapasuka, nabeba vipande. Kila wiki nililimega kwa chini. Fundi mzima, na sikuona kosa!

Mlango wa chumba cha nyuma ukaanza kukwama. Mke wangu akasema, "Baba Rehema, ukuta huu unasukumwa na jiwe. Tuhame." Nikachukua randa, nikauranda mlango, ukafunga vizuri. Baada ya wiki ukakwama tena. Mke wangu akalia. Nikamwambia, "Nitaangalia kesho," nikauranda. Ukakwama mara ya tatu. Ndugu zangu, niliuranda huku napiga mluzi!

Jumapili iliyofuata mchungaji akafundisha habari za Farao na vyura. Vyura kitandani, vyura kwenye vyombo vya unga! Musa anamuuliza, unataka waondoke lini? Farao anajibu, kesho. Kanisa zima mlicheka. Mimi sikucheka, maana nilisikia sauti yangu mwenyewe, nikaogopa. Lakini nilifika nyumbani, nikala ugali na dagaa, nikasema tutahama mwisho wa mwezi.

Alasiri ile ile mvua ikashuka. Binti yetu Rehema, mtoto wa miaka sita, alikuwa amelala chumba cha nyuma. Nikasikia jiwe likilia, mlio ninaoujua kazini, wa jiwe linaloachia. Nikakimbilia mlango. Umekwama! Nikapaza sauti, "Bwana, si kesho! Leo!" Nikaupiga kwa nyundo yangu ya mawe, ubao ukapasuka, nikamvuta mtoto kwa mkono mmoja. Hatujafika kwa jirani, jiwe likakilalia chumba chote. Kipande kilichoruka kikanivunja mguu.

Mnaona ninavyochechemea. Nyumba sina, tunakaa kwa shemeji yangu Igoma. Mke wangu hajawahi kusema, "Si nilikuambia?" Ananitazama tu, na hiyo inatosha!

Lakini Rehema yule pale, benchi la mbele, anachezea kitambaa cha mama yake. Namshukuru Mungu aliyenionya mara tatu bila kunichoka. Wewe ndugu yangu, kama kuna mlango unakwama kwako, weka randa chini. Mtegemee Bwana, utoke leo.