Kofi la Violeta, Shavu la Ludy

Benchi letu liko mbele ya kiduka cha Aling Choleng, Aling kama kusema Bi, hapa mtaa wa Kamuning, nyuma ya studio za televisheni, na kwa bahati mbaya lina wanaume wawili wasiokosa hata siku moja. Mzee wetu, Mang Temyong, tunamwita Direkta, maana alilinda geti la studio miaka ishirini. Boying, dereva wa pikipiki ya abiria, ni Redio. Mimi wananiita Profesa, ingawa niko mwaka wa pili tu chuoni, kwa kuwa nawajibu. Asubuhi hiyo tulikuwa tunamsubiri Aling Ludy wa geti la kijani, pale ng'ambo. Miaka minne sasa anaigiza yaya kwenye tamthilia ya mchana, na jana Boying aliona jeneza likishushwa studio. Anayeamua nani afe ni Violeta Macaraeg, mwigizaji wa zamani, leo mkurugenzi wa tamthilia zote za kituo. Ludy aliitwa alfajiri. Hakuambiwa anazikwa nani.

— Hawezi kumuua Ludy, alisema Boying, akichovya mkate wa pandesal kwenye kahawa. Makofi yote aliyopiga Violeta kwenye sinema yalitua shavuni kwa Ludy. Huo ni udugu, bana.

— Udugu gani? alisema Mang Temyong. Ukishakaa ofisi ya ghorofa ya saba unasahau hata jina la mama yako. Na kile kiti cha ukurugenzi unajua alikipataje? Kwa kofi. Alimzaba bosi mmoja pale maegesho, mabosi wengine wakaogopa.

— Uliona? aliuliza Boying.

— Nilisikia mlio.

Aling Choleng akacheka mpaka maji ya moto yakamwagika.

— Si kofi, alisema Boying. Violeta anajua siri. Mtoto wa mwenyekiti wa kituo si mtoto wake. Walibadilishwa hospitali.

— Hiyo ni tamthilia ya mwaka juzi, Redio, alisema Mang Temyong.

— Sasa unadhani waandishi wanaitoa wapi?

Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza. Nikashindwa.

— Mwanaume akipanda cheo mnauliza amesomea wapi, nilisema. Mwanamke akipanda, mnatafuta maegesho na hospitali. Violeta alianza na tangazo la dawa ya meno akiwa na miaka kumi na minne. Kwa miaka kumi na tisa akaigiza mke mwenza mbaya, akaigiza mama mkwe mbaya, mpaka wauza samaki sokoni wakagoma kumuuzia. Kila alipomaliza kuigiza alikaa na wahariri, akajifunza kukata picha. Akaandika. Akaomba atayarishe kipindi kimoja, wakampa cha saa tisa mchana ambacho hakuna aliyekitaka. Nchi nzima ikaacha kufua nguo saa tisa. Hivyo ndivyo alivyokipata kiti.

Mang Temyong akaniangalia kwa huruma.

— Profesa, mwanangu, wewe unamsema Violeta. Yule wa ghorofa ya saba ni pacha wake.

— Eti?

— Violeta mwenyewe yuko shamba kule Laguna, anafuga bata. Angalia lile doa la urembo. Zamani lilikuwa shavu la kushoto, sasa liko la kulia.

— Lilikuwa la wanja, Mang Temyong.

— Ndiyo wanachotaka uamini.

Hapo Boying akanyoosha kidole barabarani. Aling Ludy alikuwa anakuja, rangi nyeupe ya vipodozi bado iko shingoni. Akalifikia geti lake la kijani, akalipita, akavuka barabara, akaja kuketi kati yetu. Kwetu kuna mwiko. Mtu akitoka msibani haendi nyumbani moja kwa moja, anapita mahali kwanza ili marehemu asimfuate.

— Nani? aliuliza Aling Choleng, ingawa alishajua.

— Mimi, alisema Ludy. Saa nne kasoro robo. Moyo.

— Sasa kama marehemu ni wewe, alisema Boying taratibu, unamkwepa nani?

— Nina mjukuu ndani, Boying. Sitaki kubahatisha. Nipe kahawa.

— Si nilisema, alisema Mang Temyong. Pacha yule. Hana roho.

— Violeta alishuka mwenyewe, alisema Ludy. Hakumtuma mtu. Akabonyeza mto wa jeneza, akaona ni mgumu, akavua mtandio wake akanitandikia kichwani. Akasema, Ludy, yaya amefika mwisho, ila wewe bado. Kuanzia Jumatatu, mimi nikikubali, nakaa pembeni ya kamera. Nachagua waigizaji wadogo wadogo, nafundisha vijana kupigwa kofi bila kuumia shingo. Mshahara wa mwezi, na matibabu. Lakini mbele ya kamera basi. Anataka jibu leo mchana.

— Kubali, nilisema mara moja. Hiyo ni nafasi. Wangapi wanawafungulia wenzao mlango?

— Kataa, alisema Mang Temyong. Ukishatoka mbele ya kamera, umekufa kweli.

— Kubali nusu, alisema Boying.

Tukaanza kubishana watatu, kwa sauti, juu ya kichwa chake, kama vile hayupo. Wala sikumwona mwanamke aliyekuwa amesimama kwenye dirisha la kiduka na sabuni ya kufulia mkononi. Aling Choleng alisema baadaye anaitwa Nenita, alikuwa amehamia mtaani siku tatu kabla.

— Samahani, alisema Nenita. Huyo Violeta, tangu aache kuigiza, hatamani kurudi mbele ya kamera?

Nilikuwa na miaka yake yote kichwani, vipindi vyote, mpaka saa vilivyorushwa. Hilo sikuwa nalo. Boying akasema labda, kisha akasema hajui.

Tukamgeukia Ludy.

— Miaka thelathini, alisema Ludy. Najua anakunja vidole vipi kabla hajapiga. Hilo sijawahi kumuuliza.

Akaweka kikombe chini, akatoa simu, akabonyeza. Tukasikia inaita. Mang Temyong akataka kusema kitu, na mimi nikamkanyaga mguu.

— Violeta, alisema Ludy. Kabla sijakujibu, na mimi nikuulize kitu.