Kichekesho Kilichomrudisha Baba Watoto

Kwenye treni ya asubuhi, mwalimu aliyekaa mbele yangu alikuwa akimlalamikia mama fundi cherehani aliyekaa karibu naye, ingawa hawakuwa wakijuana.

"Kichekesho kile cha televisheni kina miaka ishirini, na kimetuharibia watoto. Ukiuliza nani kavunja dirisha, darasa zima linajibu kama yule mlinzi wa kwenye kichekesho: 'Mimi simo, lakini nimo!'"

Fundi akacheka mpaka akafuta machozi. Mwalimu hakucheka, nadhani dirisha lilikuwa la ofisi yake.

"Mwalimu, mume wangu alipooza upande mmoja, na ulimi ukafunga. Dawa tulimpa, dua tukaomba, kimya. Jioni moja tunatazama kichekesho hicho, mlinzi hajafungua hata kinywa, baba watoto akamtangulia: 'Mimi simo, lakini nimo!' Nililia. Siku hizi chai ikikosa sukari, ananigombeza."

"Hongera, dada. Lakini darasani bado ni upuuzi."

"Upuuzi huohuo ndio ulionirudishia mume!"

Treni ikasimama. Wakashuka wakiendelea kubishana, mwalimu akiwa amembebea mkoba.