Mwalimu Adèle Onema, Aliyekataa Vigae

Zamani hapa Kindu kaburi lilikandikwa udongo kwa mikono ya ndugu. Leo linavikwa vigae vya dukani, na waombolezaji wanajitazama ndani yake kama kwenye kioo.

Mwalimu Adèle Onema alizaliwa Kibombo tarehe 14 Machi 1951, kitindamimba wa mkulima wa mpunga. Mimi, kaka yake, niliishia darasa la tano. Yeye alifika Kisangani, akarudi mwaka 1974 na diploma ya kufundisha fizikia. Ninachokijua nimekisoma katika vitabu vyake.

Mwaka 1976 aliolewa na Louis Matata, fundi wa reli. Vita vilimchukua Louis mwaka 1999. Shule zilikuwa zimefungwa, na wenye busara walimshauri Adèle anyamaze. Hakunyamaza. Alifundisha uani kwake, mtaa wa Alunguli.

Usiku mmoja alifinyanga matufe mawili ya udongo. Moja alilisugua likawa laini. La pili aliliacha na vibonge na alama za vidole. Kisha akawasha taa nyuma ya wanafunzi.

"Mwalimu, ile laini njo muzuri," alisema Bienfait, mmoja wao.

"Muzuri, lakini angalia pembeni yake: giza. Hii yenye makovu, vibonge vya pembeni vinageukia taa, vinakurudishia mwanga. Mwezi njo hivi. Ungekuwa laini, hata ukijaa ungefifia pembeni."

Askari mmoja akachungulia. "Mama, unafundisha watoto nini?"

"Mwezi. Keti, taa inatosha."

Askari akaketi.

Kuanzia mwaka 2021 ugonjwa wa sukari ulimla macho. Alifariki Alhamisi tarehe 25 Aprili 2024. Ameacha watoto wawili, Joëlle na Yannick, wajukuu watano, na wanafunzi waliojaa hapa.

Yannick ameleta vigae kutoka Goma, kwa mapenzi, najua. Vitabaki katika maboksi yake. Mama yake aliagiza kaburi likandikwe kwa mikono, lisisuguliwe, na maadamu ningali hai ndivyo litakavyokuwa. Anayeona haya aende nyumbani. Anayebaki akunje mikono ya shati. Adèle apumzike kwa amani chini ya alama za vidole vyetu.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Jumanne, siku mbili kabla hajafa. Alikuwa ameketi mlangoni, uso ameuinua kwenye mwezi mpevu asiouona.

"Kaka, pembeni yake iko namna gani?"

"Panang'aa sawa na katikati."

"Basi kule bado hawajafika na vigae vyao."