Dramu Mbili za Karani

Karani mstaafu alifika kijiweni saa nne asubuhi amepakata maboksi mawili, akaketi kwenye benchi la fundi viatu, akamiminiwa kahawa kabla hajaomba. Uso ulikuwa umeshasema. Mkewe, muuguzi, ana mwaka wa nne katika kituo cha mbali, na maombi ya uhamisho wa kumrudisha nyumbani yamekwama. Ya kwanza Karani aliyachapisha dukani, yakarudi: siri za mtumishi hazichapishwi mitaani. Ya pili aliyachapa kwa printa yake ya nyumbani, nayo ikachora mstari mweusi toka juu hadi chini. Yakarudi tena, na barua yenye mihuri mitatu, mmoja umegeuzwa miguu juu, ikimkumbusha umuhimu wa usafi wa nyaraka. Mwisho wa kupokea ni kesho saa sita.

Muuza vifaa alimwambia dramu imekwisha, yaani ile silinda inayobeba wino hadi kwenye karatasi. Akampa mbili zenye namba moja, ila ya pili ina herufi mkiani. Akaamue mwenyewe, nyingine airudishe ikiwa haijaguswa.

—Hiyo herufi ni ya nchi za joto, alisema Injinia, dereva wa teksi aliyepata jina hilo kwa kufungua boneti mbele za watu.

Fundi viatu hakukubali. Yeye soli huzipima kwa mkono, na dramu ataipima hivyo hivyo. Ndipo mifuko myeusi iliyokuwa ndani ya maboksi ikachanwa, silinda mbili za kijani zikalazwa juu ya benchi, zinang'aa juani. Zilipimwa. Zilinuswa. Injinia akagundua kwamba dramu ya zamani haikufa kwa uzee, iliuawa na lugha ya serikali.

—"Kwa mujibu wa" peke yake inakula robo ya dramu. Hapo hujafika "rejea somo tajwa hapo juu".

—Maelezo yanasemaje? aliuliza Karani, kwa sauti ya mtu aliyesoma maelezo maisha yake yote.

Karatasi ya maelezo ilikuwa imekaliwa na Injinia, ikikinga suruali yake na vumbi. Mjadala ukaendelea hadi birika likakauka.

Mama mmoja akaja kuchukua viatu vyake. Akaokota boksi tupu, akasoma ubavuni, akasoma tena.

—Baba, hizi zimetoka kwenye mifuko yake saa ngapi?

—Kwani?

—Wameandika zisikae kwenye mwanga zaidi ya dakika tatu. Zikizidi zinaharibika.

Fundi viatu akainamia kiatu ambacho alikwisha kukimaliza. Injinia akatazama saa yake, kisha akaifunika kwa mkono wa shati.

Karani alivua koti, akazifunika zote mbili polepole, akamgeukia yule mama.

—Samahani, mama. Ni dakika tatu kwa zote, au kila moja na zake?