Makofi ya Bizuru

Ndani ya Landrova ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo, mwaka tisini na saba, nilikaa karibu na Saady, mwenye banda la video pale mjini. Alikuwa amepakata betri ya gari. Mama mmoja wa Makere alimtambua, kwa sababu Jumapili alilipa kiingilio bandani kwake kutazama "Nyumba ya Pembeni", ule mchezo wa kuchekesha wa redioni wa zamani kuhusu mtu aitwaye Bizuru, ambao sasa umeigizwa upya kwenye televisheni.

"Yule siyo Bizuru," mama alisema. "Bizuru ni Muha. Akisalimia anapiga makofi, redioni tulikuwa tunayasikia. Marehemu mume wangu alikuwa anaacha ugali, anamwitikia kwa makofi."

"Mama, Bizuru wa sasa ni karani. Anatoa mkono. Mambo ya makofi yamepitwa na wakati."

"Anampa mkono hata baba mkwe wake?"

Saady alifikiri kidogo, akasema waigizaji ni watu wa Dar, hawawezi kujua kila kitu. Mama akajibu kwamba basi wangemwacha redioni. Mimi nilikuwa upande wa mama, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Gari liliposimama Makere, mama alishuka, akatugeukia, akainama kidogo na kutuaga kwa makofi ya taratibu. Saady aliishusha betri, akaiweka juu ya mguu wangu, ili mikono yake ipate nafasi.