Trekta Tuliyoitunza Mpaka Ikashuka Bei

Mgeni rasmi, meneja wetu wa mikopo, kabla hatujasema karibu tuseme kosa letu: trekta uliyotukopesha haijalima hata tuta moja. Kuoshwa, imeoshwa sana.

KARIBU

Karibu kiti. Hicho chenye kitambaa ndicho kizima. Vingine tunavijua wenyewe.

TULIKOTOKA

Sisi ni wakulima wa jembe la mkono. Trekta tuliipata ikiwa imetumika kidogo tu, plastiki ya kiti bado ipo. Muuzaji akatuambia, "Mpya inashuka bei siku hiyo hiyo inapotoka dukani. Hii, hasara kubwa alishaibeba mwenzenu." Tukafurahi. Halafu woga ukatuingia: kama kutumika kidogo kumeishusha hivyo, tukiitumia sana je?

MAFANIKIO

Tukaijengea banda, tukaifunika turubai. Msimu mzima tukalima kwa mkono, tukipita mbele yake kwa adabu. Fundi wetu akapiga kelele, "Jamani, hii ni trekta au sahani za wageni?" Mweka hazina akamjibu, "Fundi, wewe kazi yako vilivyoharibika. Tuachie kizima chetu." Tukapiga makofi. Mimi ninayesoma nilipiga kuliko wote, na diploma yangu.

CHANGAMOTO

Juzi akaja mthamini wako. Mama mwenyekiti akamwonyesha matairi: "Mwanangu, hata vumbi hayana."

"Mama, miaka inahesabika hata ikilala," akasema. Betri imekufa, tairi moja limeanza kupasuka kwa kukaa. Bei yake ya leo haifikii deni.

Mgeni rasmi, tunajua leo umekuja kuichukua. Ikiondoka, deni linabaki, na mashamba tuliyoweka rehani yanafuata. La mama mwenyekiti ndilo lenye nyumba yake. Tangu juzi anafagia uwanja ambao umeshafagiwa.

MAOMBI

Hatuombi kusamehewa. Fundi ameazima betri, amefunga plau, na plastiki ya kiti ameitoa, mama mwenyekiti akiwa ameangalia pembeni. Mvua ziko karibu, na majirani wameshaulizia kulimiwa kwa malipo. Tupe msimu mmoja. Kuchakaa itachakaa tu. Basi ichakae ikiwa inalipa.

Mungu akurudishe salama kwako, na gari lako peke yake.

Ni sisi, Kikundi cha Pumzisha Jembe.

Mgeni rasmi, ufunguo ni huo hapo mbele yako, karibu na glasi ya maji. Fundi amesimama mlangoni. Tunaomba umpe.