Siku Walipotaka Kumfungia Kabanga

Atukuzwe Bwana, ndugu zangu! Wanaonifahamu hapa Kikula wanashangaa kuniona nimesimama mbele. Mimi ndiye yule aliyerudi kutoka chuo kikuu kule Lubumbashi na maswali mengi, yule aliyemuuliza katekista mpaka akafunga Biblia na kwenda zake. Maswali bado ninayo. Lakini nimeona jambo, na nikilinyamazia nitakuwa mwongo.

Nina mdogo wangu, Kabanga, msichana wa miaka kumi. Asili yetu ni Kasai. Kwetu, wakizaliwa mapasa, yaani mapacha, wa kwanza huitwa Mbuyi na wa pili Kabanga. Mbuyi alikufa siku ileile. Kabanga akabaki peke yake, na watu hawakuacha kumtazama.

Mtoto huyu ana kipaji! Mwambie somo mara moja, atalirudia lote. Mama anapouza unga sokoni, Kabanga anataja chenji kabla mteja hajafungua mkono. Aliwahi kunieleza kwa nini mwezi unatufuata tukitembea. Nilitafuta vitabuni, nikakuta amesema kweli. Lakini mpe kitabu! Anatoka jasho. "Yaya, herufi zinakimbia," huniambia mimi mkubwa wake. B inageuka D, mstari unapanda juu ya mstari. Hata jina lake huliandika leo hivi, kesho vile.

Mwisho wa mwaka wa shule mnajua tunavyofanya. Wazazi wote uwanjani, mwalimu anasoma majina kwa sauti, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Kabanga alisomwa wa mwisho. Watu walicheka. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Haiko huyu njo anahesabiaka mama yake kwa soko? Sasa ni nani anamuambiaka?"

Ndugu zangu, swali hilo, ni nani anayemwambia majibu, lilitufuata mpaka nyumbani. Tantine Bea, dada ya Baba, alilijibu kabla hajakaa. "Ni Mbuyi. Mutoto hasome, lakini anajua! Ni mapasa yake njo anamunong'onezea."

Nilicheka. Nikaeleza kwamba kuna watoto wenye akili kubwa ambao ubongo wao unapata shida na maandishi, kwamba jambo hilo lina jina, disleksia, kwamba kipaji na ulemavu vinaweza kukaa katika kichwa kimoja.

"Weye na chuo kikuu yako!" Tantine akasema. "Haya, dawa yake iko wapi?"

Dawa sikuwa nayo.

Baba anafanya kazi mgodini Kakanda, anarudi mwisho wa juma. Aliporudi, Tantine alikuwa amekwisha kuzungumza na mtumishi wa Mungu katika nyumba moja ya maombi. Kabanga afungiwe mle, asile wala asinywe, mpaka roho ya Mbuyi imtoke. Baba akasema, "Sawa." Mama alilia, lakini alimpangia nguo zake kwenye mfuko.

Hofu iliyonishika sikuwahi kuijua. Nilifikiri kwenda polisi, nikajiuliza nani atanisikiliza. Nilifikiri kumtorosha Kabanga mpaka kule Mulungwishi, lakini kwa nani? Njiani, Baba na Tantine wakiwa mbele na mfuko, mimi nimemshika Kabanga mkono, niliomba. Sikuomba vizuri. Nilisema: Kama upo, fanya kitu sasa, maana mimi nimeishiwa maneno.

Mtumishi alitupokea mlangoni. Ukuta ulikuwa umeandikwa maneno makubwa kwa rangi nyekundu. Akamwinamia Kabanga. "Mbuyi iko anakuambia kila kitu, eh?"

Kabanga akafikiri. Yeye hufikiri hata akiogopa. "Kila kitu? Sasa kwa nini haniambie ile maandiko ya kwa ukuta inasema nini?"

"Munasikia!" mtumishi akapaza sauti. "Njo Mbuyi anajibu!"

Nikaelewa kwamba akisema, ni Mbuyi, na akinyamaza, ni Mbuyi. Mtoto hana pa kutokea!

Ndipo Baba akaweka mfuko chini. Baba huyu, ndugu zangu, tangu utoto wetu kila karatasi hutupatia sisi tumsomee, akisema miwani imebaki Kakanda. Hatujawahi kuiona miwani hiyo! Akautazama ukuta, akasema polepole, "Hata minye siwezi kuisoma."

"Papa, weye haukufika kwa masomo..." mtumishi akaanza.

"Nilikaa kwa shule mpaka nikaota ndevu! Herufi zilikuwa zinanikimbia hivihivi. Na minye sikuzaliwa mapasa. Ni nani ananinong'onezea? Munifunge na minye!"

Tantine akafungua kinywa. "Bea, nyamaza," Baba akasema. Akamshika Kabanga mkono wa pili, tukageuka.

Haleluya! Mimi nilikuwa na hoja zote, na hazikumrudisha mtoto hata hatua moja. Alirudishwa na aibu ambayo Baba aliificha maisha yake yote. Nimejaribu kuiita bahati. Nimeshindwa.

Sasa mwalimu amekubali kumuuliza kwa mdomo. Nyumbani mimi namsomea kwa sauti, yeye anajibu. Herufi tunazichora kwa kidole kwenye unga, na Baba akiwepo, naye anachora. Lakini bado naogopa, ndugu zangu. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi uko kwenye karatasi, na sijui kama wataruhusu mtu amsomee maswali. Tantine hajakanyaga kwetu tena. Sokoni bado wananong'ona. Kila asubuhi naamka na hofu hiyo, na kila asubuhi naomba, vibaya vilevile, na ninashukuru kwamba yupo mezani anakunywa chai.

Kama nyumbani kwako kuna mtoto anayejua mengi na kusoma kunamshinda, nakusihi, mtumaini Mungu aliyemuumba hivyo, usimpeleke afungiwe. Mlete kwetu. Nilimwambia Kabanga kwamba leo nitasimama mbele yenu, akanituma niwaite mje, hivi: "Waambie bakuye. Minye nitabafundisha hesabu, weye utabasomea."